Kuvunja, kuziba, kuingia au kukagua: njia nne za kukabili ngome zilizochimbwa mlimani

Usiku wa kuamkia tarehe 22 Juni 2025, ndege saba za Marekani aina ya B-2 ziliangusha mabomu 14 juu ya vituo viwili vya nyuklia vya Iran, kila bomu likiwa na uzito wa kilo 13,600. Kumi na mawili yalipigwa Fordow, karibu na mji wa Qom, na mawili Natanz. Kulipokucha ubishi ulikuwa umeshapamba moto. Rais Donald Trump alisema vituo vimeteketezwa. Tathmini ya awali ya idara ya ujasusi wa kijeshi ya Marekani ikavuja, ikisema mradi umerudishwa nyuma kwa miezi tu. Mkurugenzi wa CIA akasema ni miaka. Wizara ya Ulinzi baadaye ikataja mwaka mmoja hadi miwili.

Nilifuatilia ubishi ule siku baada ya siku, na kilichonisikitisha ni kwamba karibu kila mtu alipima kwa rula moja: bomu linapenya mita 60, kituo kiko mita 80 au 90 chini ya mlima, basi toa upate jibu. Hesabu hiyo ina nafasi yake, lakini haimsaidii mtu anayetaka kujua aunge mkono njia ipi mlima wa aina hiyo unapokuwa tishio. Njia zilizowahi kujaribiwa ni nne: kuvunja ngome kwa mabomu, kuiziba, kuingia ndani, na kuikagua kwa makubaliano. Naziweka hapa bega kwa bega, na kila moja naiuliza swali moja: siku ya pili yake, aliyeichagua anajua nini kuhusu kilichomo mle ndani?

Kuvunja

Bomu la kupenya halifanani na bomu la kawaida. La kawaida ni kopo lililojaa vilipuzi. Hili ni msumari. GBU-57, lile lililotumika Fordow, lina urefu wa zaidi ya mita sita na uzito wa tani 13.6, lakini vilipuzi vyake havifiki tani mbili na nusu. Sehemu kubwa iliyobaki ni ganda la chuma kigumu na kinene, maana ganda jepesi lingepasuka mara tu lilipogusa mwamba. Halina injini. Linaachiwa kutoka juu sana, linaongozwa kwa setilaiti, na uzito wake wote unakusanyika kwenye ncha nyembamba. Fyuzi yake husubiri hadi bomu lizame ndipo ilipue.

Zile mita 60 zinazotajwa kila mahali zisomwe kwa tahadhari. Chukua bomu dogo la ukoo huohuo, GBU-28. Lilitengenezwa kwa wiki chache tu mwanzoni mwa 1991 kutokana na mitutu ya mizinga ya zamani, na katika saa za mwisho za Vita vya Ghuba likaangushwa kwenye ngome ya Taji, kaskazini mwa Baghdad. Kwenye majaribio lilizama kama mita 30 ndani ya udongo, lakini kwenye zege lilipita kama mita 6. Bomu ni lilelile, urefu wa safari yake umepungua mara tano kwa sababu tu ya kile lilichokutana nacho. Kwa hiyo mtu akikwambia bomu fulani linapenya mita kadhaa, muulize kwanza: mita za nini? Udongo wa mfinyanzi, mawe yaliyopasukapasuka, mwamba mzima, au zege lililoimarishwa kwa nondo? Hakuna tarakimu moja inayojibu yote.

Hapo ndipo mchimbaji anapopata nafuu kubwa. Akitaka kushuka mita 20 zaidi, anahitaji muda, mashine za kutoboa na malori ya kuondoa kifusi. Anayetaka kumfuata mita hizo 20 anahitaji bomu jipya, na pengine ndege mpya ya kulibeba. B-2 ndiyo ndege pekee iliyotumika vitani kubeba GBU-57, na zilitengenezwa 21 tu. Safari ya kufika Fordow ilizichukua kama saa 18 angani, zikisindikizwa na kundi lililofanya jumla ya ndege za operesheni nzima kupita 125. Nchi nyingine yoyote inayofikiria kuvunja mlima wa namna ile haina hata mahali pa kuanzia. Israel yenyewe, ambayo ilikuwa imeanza kuipiga Iran tangu tarehe 13 Juni na ilikuwa imeshadhoofisha ulinzi wake wa anga, haikuwa na bomu la kufika chini ya Fordow.

Lakini kina si kila kitu, na hili wanaopenda hesabu ya mita hulisahau. Ndani ya Fordow kulikuwa na mashinepewa, mashine nyembamba ndefu zinazozungusha gesi ya urani kwa kasi ya kutisha ili kuirutubisha, yaani kuiongezea ile sehemu inayofaa kwa mafuta ya kinu au, ikizidishwa sana, kwa bomu. Mashine inayozunguka kwa kasi hiyo haihitaji kuangukiwa na dari ili iharibike, mtikisiko unatosha. Ndiyo maana Rafael Grossi, mkuu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, aliweza kusema siku chache baadaye kwamba mashine za Fordow hazikuwa zikifanya kazi tena, ingawa hakuna mkaguzi wake aliyekuwa ameingia. Ukumbi unaweza kusimama na mtambo ukafa.

Wazo hilo ni la zamani. Mhandisi Mwingereza Barnes Wallis alilifanyia kazi wakati wa Vita Kuu ya Pili: badala ya kupiga jengo, zamisha bomu zito kando yake na uitikise ardhi iliyolibeba. Tarehe 6 Julai 1944 mabomu yake ya Tallboy, ya zaidi ya tani tano kila moja, yalipigwa Mimoyecques kaskazini mwa Ufaransa, ambako Wajerumani walikuwa wamechimba mizinga ya ajabu ndani ya mlima wa chokaa, mitutu yake ikielekezwa London. Mashimo ya mitutu yaliporomoka na kazi ikaachwa. Siku chache baadaye yalifuata Wizernes, eneo hilohilo la Ufaransa, kwenye kuba la zege lenye unene wa mita tano. Kuba halikutoboka. Mlima ulioizunguka ndio uliomomonyoka, vifusi vikafunika njia, na mradi ukafa ingawa kuba lake lilibaki zima.

Sasa weka kando ya mifano hiyo ngome za nyambizi za Kijerumani huko Lorient na Saint-Nazaire. Mwanzoni mwa 1943 miji hiyo ilipigwa mabomu hadi ikabaki magofu, na wakazi wake wakalazimika kukimbia. Ngome zenyewe hazikuvunjika. Za Lorient ziliendelea kutumiwa na jeshi la majini la Ufaransa kwa miongo kadhaa baada ya vita. Mabomu yaliyotumika wakati ule yalikuwa makopo ya vilipuzi, si misumari, na waliolipa ni watu waliokuwa wanaishi jirani na zege lile.

Tofauti kati ya Mimoyecques na Lorient haitokani na aina ya bomu peke yake. Mzinga wa Mimoyecques haukuweza kuhama wala kugeuzwa: ulichimbwa ndani ya mlima ukiutazama mji mmoja, na ulihitaji kila shimo liwe limenyooka. Kuharibu mlima kidogo kulitosha kuuua. Nyambizi huingia na kutoka. Thamani iliyokuwa ndani ya ngome za Lorient iliweza kuwa baharini siku bomu lilipofika.

Kuziba

Mlima wowote wenye watu na mitambo ndani unahitaji kupumua. Unahitaji umeme, maji, milango ya kupitisha mizigo, mashimo ya hewa. Ndiyo udhaifu ambao hauwezi kuchimbwa ukaisha, kwani kila unavyoshuka chini ndivyo unavyoitegemea zaidi njia nyembamba inayokuunganisha na juu.

Ukisoma maelezo ya Jenerali Dan Caine, mkuu wa majeshi ya Marekani, aliyoyatoa tarehe 26 Juni 2025, utaona kwamba Fordow haikushambuliwa kwa kuupasua mlima. Walilenga mashimo mawili ya hewa, mabomu sita kila moja. Siku chache kabla, Wairani walikuwa wameyafunika kwa zege. Bomu la kwanza liliondoa kifuniko, na mengine yakafuata ndani ya shimo lilelile. Maofisa wawili wa taasisi inayochunguza ngome za chini ya ardhi walikuwa wameutazama mlima huo kwa takriban miaka 15, tangu kabla dunia haijausikia. Sisemi hayo kuwasifu. Nasema ili ionekane kwamba kilichoamua usiku ule, zaidi ya uzito wa chuma, ni kujua mahali mlima unapopumulia. Mshambuliaji asiye na maarifa hayo, hata akipewa bomu lilelile, anapiga jiwe.

Mbinu ya bomu kufuata tundu la bomu ina historia nyingine, na mtu asichague njia hii bila kuijua. Tarehe 13 Februari 1991, alfajiri, ndege za Marekani zilipiga jengo la zege la Amiriyah mjini Baghdad. Bomu la kwanza lilitoboa paa, la pili likapita palepale. Wapangaji waliamini ni kituo cha kuongozea jeshi. Ndani walikuwa wamelala raia waliokimbilia usalama, wengi wao wanawake na watoto, na zaidi ya 400 waliuawa. Bomu lilifanya kazi yake kama lilivyosanifiwa. Aliyekosea ni aliyedhani anajua nani yuko chini. Mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwemo, na chini ya ardhi hakuna anayeona kwa macho nani ameingia mtegoni.

Kuziba milango, tofauti na kuvunja ukumbi, kuna sifa moja ninayoiheshimu: hakudai mengi. Usiku wa tarehe 8 Juni 1944, kabla ya Mimoyecques, Tallboy za kwanza kabisa zilitumika kwenye handaki la reli la Saumur nchini Ufaransa. Hakuna aliyetaka kulifuta handaki duniani. Walitaka treni za vifaru vya Kijerumani zisipite kuelekea Normandy wiki zile. Bomu moja lilipenya kilima na kulipukia ndani ya handaki, na lengo likatimia. Huko Isfahan, kati mwa Iran, mwaka 2025, milango ya mahandaki yaliyohifadhi urani ilipigwa pia, na IAEA ikathibitisha kwamba inaonekana imeharibiwa. Kilichomo ndani, kama kilikuwamo, kimebaki nyuma ya kifusi. Kukitoa kunahitaji matingatinga, na matingatinga yanaonekana kutoka angani.

Udhaifu wake ni muda. Kifusi huzolewa. Anayeziba leo amejifunga kutazama kesho na keshokutwa, na kuwa tayari kupiga tena kila mara udongo unapoanza kuhamishwa. Na huchelewa kirahisi: tarehe 19 Juni 2025, siku tatu kabla ya shambulio, picha za setilaiti zilionyesha malori 16 kwenye barabara ya kuingilia Fordow. Kama yalileta udongo wa kuziba milango au yalibeba kitu kuondoka nacho, picha haisemi.

Kuingia

Mfano ninaoona unaweza kusimama kando ya Fordow bila aibu ni Masyaf, magharibi mwa Syria. Huko kulikuwa na kiwanda cha makombora kilichojengwa kwa msaada wa Iran, kina chake kikikadiriwa kati ya mita 70 na 130. Kwa kina pekee, ni ndugu wa Fordow. Usiku wa tarehe 8 Septemba 2024 Israel ilituma makomando wapatao 120 kwa helikopta. Ndege zilipiga eneo la kuzunguka, makomando wakaingia mahandakini, wakatega vilipuzi kwenye mitambo yenyewe, wakachukua nyaraka na kuondoka chini ya saa tatu tangu wafike. Upande wa Syria walikufa zaidi ya watu kumi. Israel ilitangaza habari hizo kwa kina mwezi Januari 2025.

Linganisha siku ya pili. Baada ya Masyaf, aliyeshambulia alijua mitambo mingapi ilikuwapo na mingapi imelipuka, kwa sababu watu wake waliishika kwa mikono. Baada ya Fordow, aliyeshambulia alikuwa na picha za matundu juu ya mlima. Kwa kipimo nilichojiwekea, kuingia kunashinda kuvunja kwa mbali sana.

Kwa nini basi hawakuingia Fordow? Masyaf iko karibu na bahari, umbali wa kama kilomita 200 tu kutoka Israel, na jeshi la Syria wakati ule lilikuwa limechoka mno. Serikali yake ilianguka miezi mitatu baadaye. Fordow iko ndani kabisa ya nchi kubwa yenye milima, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Israel, na walinzi wake si wale. Kikosi kinachoingia lazima kitoke, na kila saa kinachokaa ni saa ya adui kukusanyika. Kwa hiyo njia inayotoa ujuzi mwingi zaidi ndiyo yenye mlango mwembamba zaidi: inafaa pale tu mlinzi alipo dhaifu na umbali ni mfupi.

Kuna namna ya kuingia bila mtu. Kirusi cha kompyuta kilichoitwa Stuxnet, kilichogunduliwa mwaka 2010, kiliingia kwenye mitambo ya Natanz na kuzivuruga mashinepewa huku vioo vya waendeshaji vikionyesha mambo ni shwari. Mashine takriban 1,000 zililazimika kuondolewa. Hakuna dari iliyotoboka. Lakini mbinu hiyo hufa siku inapogunduliwa, na Iran ilisimika mashine zaidi baada yake kuliko ilizokuwa nazo kabla.

Njia ambayo siiweki kwenye mizani

Kuna wanaouliza kwa nini bomu la nyuklia dogo lisitumike kumaliza hoja ya kina. Swali hilo lilijibiwa Marekani mwaka 2005. Baraza la Taifa la Utafiti liliandika kwamba hakuna bomu linaloweza kuzama kiasi cha kuuzuia mnururisho usitoke. Chuma chochote husagika muda mrefu kabla hakijafika kina hicho. Mlipuko karibu na mji ungeweza kuua kuanzia maelfu hadi zaidi ya milioni moja, kutegemea mahali na upepo. Bunge la nchi hiyo likakataa kuendelea kugharimia utafiti wa bomu la aina hiyo. Anayependekeza njia hiyo anapendekeza kuua mji ili kuharibu ukumbi, na mimi sina sababu ya kuilinganisha na chochote.

Kukagua

Wengi hulidharau neno hili. Linaonekana laini, la watu wenye mikoba na kalamu. Nalitetea kwa tarakimu.

Vita vya 1991 vilipoanza, orodha ya shabaha za Marekani na washirika wake ilikuwa na vituo viwili tu vya nyuklia vya Iraq. Vita vilipokwisha, wakaguzi wa kimataifa walitembea nchini humo na kugundua zaidi ya 20. Ndege bora duniani, zilizotawala anga lote kwa zaidi ya wiki tano, zilikuwa zimepita juu ya sehemu kubwa ya mradi bila kujua upo. Na mradi huo wa siri ulikuwa umeshika kasi baada ya shambulio jingine lililosifiwa sana: tarehe 7 Juni 1981 ndege za Israel zilikivunja kinu cha Osirak, jengo lililosimama juu ya ardhi, wazi kama meza. Iraq ilijifunza kutawanya na kuficha. Iran nayo ilitazama na kujifunza. Natanz ikachimbwa chini ya ardhi, kisha Fordow ikachimbwa chini ya mlima.

Chukua sasa makubaliano ya Julai 2015 kati ya Iran na mataifa makubwa. Chini yake, Fordow ilikatazwa kurutubisha urani kwa miaka 15. Mashine zilizoachwa humo ni 1,044, na zilihesabiwa moja moja. Mwezi Desemba mwaka huo, zaidi ya tani 11 za urani iliyorutubishwa kidogo zilipakiwa melini kwenda Urusi. Akiba iliyoruhusiwa kubaki ilikuwa kilo 300, kwa kiwango kisichozidi asilimia 3.67. Hakuna shambulio lolote la anga, pamoja na lile la mabomu 14, lililowahi kuondoa tani 11 za kitu chochote kutoka Iran, na mkaguzi akaandika uzito wake.

Sifichi udhaifu wake. Ukaguzi unahitaji mwenye nyumba akubali kufungua mlango. Fordow yenyewe ilijengwa kwa siri na ikaelezwa kwa IAEA Septemba 2009, siku chache tu kabla Barack Obama, Nicolas Sarkozy na Gordon Brown hawajaitangaza hadharani. Hilo lilionyesha kwamba makaratasi hayatoshi bila ujasusi wa kuyasaidia. Tena makubaliano huvunjika kutoka upande wowote. Marekani ilijitoa tarehe 8 Mei 2018. Iran ikaanza tena kurutubisha Fordow mwaka uliofuata, na kufikia mwishoni mwa 2022 ilikuwa ikifikia asilimia 60 katika kituo hicho, hatua fupi tu kabla ya kiwango cha silaha.

Lakini hata wakati makubaliano yalipokuwa yamebaki mifupa, wakaguzi waliendelea kuingia na kupima. Ndiyo maana IAEA iliweza kukadiria kwamba tarehe 13 Juni 2025, siku ya kwanza ya vita, Iran ilikuwa na kilo 440.9 za urani ya asilimia 60. Desimali moja! Kwa kipimo cha shirika hilo, takriban kilo 42 za kiwango hicho zinatosha kinadharia kwa bomu moja zikirutubishwa zaidi. Tarehe 2 Julai Iran ikasimamisha ushirikiano na wakaguzi. Kutoka desimali moja dunia ikashuka hadi kukisia ni handaki gani, kama bado ni handaki.

Kuchagua

Ningeanza na kilichomo ndani kabla ya kuuliza mlima una kina gani.

Kama ndani kuna mtambo mkubwa usiohamishika, unaovunjika kwa mtikisiko, na uliochukua miaka kusimikwa, kuvunja au kupiga mashimo ya hewa kunaweza kununua muda wa kweli. Mimoyecques ni ushahidi, na ukumbi wa mashinepewa wa Fordow unaelekea hukohuko. Anayekubali njia hiyo ajue ananunua muda, aseme ni muda gani, na aseme atautumia kufanya nini. Miaka miwili bila mpango wa mwaka wa tatu ni deni.

Kama ndani kuna shehena, kuvunja ndiyo njia mbaya kuliko zote. Kilo 440 za urani ni mzigo wa mitungi michache, lori linaubeba. Bomu lisipoikuta, limeharibu ukumbi mtupu; likiikuta, linaifukia mahali ambapo hakuna anayeweza kuithibitisha, na pengine kuiachia gesi yake yenye sumu kwa wanaoishi karibu. Shehena hutaka kuzibwa kwa muda na kuhesabiwa kwa kudumu. Njia pekee kati ya nne iliyowahi kuihesabu na kuiondoa ni kukagua.

Kama ndani kuna watu, mizani yote hubadilika. Tarehe 27 Septemba 2024 Israel ilimuua Hassan Nasrallah, kiongozi wa Hezbollah, kwenye makao yaliyochimbwa chini ya majengo ya makazi kusini mwa Beirut. Kwa maana finyu ya kijeshi lilikuwa shambulio lililofanikiwa, na ujasusi wake haukukosea. Majengo ya juu yaliporomoka yote na waliokuwa ndani yake. Amiriyah ni uleule mzani ujasusi unapokosea. Anayeamua kupiga ngome iliyo chini ya mji anaamua mambo mawili kwa pamoja, na la pili halimo kwenye hesabu ya mita.

Kuingia ningekuweka pembeni kama njia ya nadra: ukiwa na mlinzi dhaifu na umbali mfupi, ndiyo bora kuliko kuvunja, pasipo hayo mawili ni kuwatuma watu wako kufia handakini.

Mpangilio wangu, basi, kwa ngome ya aina ya Fordow: kukagua kwanza, hata kwa makubaliano yasiyopendeza, kuziba pale mlango unapofungwa na shehena ingali inajulikana iko ndani, kuvunja mwishoni, kwa mtambo tu. Najua wapo watakaosema mpangilio huo unampa muda mchimbaji mwenye nia mbaya. Ni kweli unampa. Lakini mabomu nayo humpa kitu: sababu ya kufunga mlango, na sababu ya kushuka chini zaidi.

Kusini mwa Natanz upo mlima uitwao Kolang Gaz La. Iran ilianza kuuchimba baada ya hujuma ya Julai 2020 kuharibu jengo lake la kuunganishia mashinepewa, na kwa makadirio ya waliochambua picha za setilaiti, kumbi zake huenda ziko chini kuliko za Fordow. Mabomu ya Juni 2025 hayakuugusa. Miezi michache kabla, Grossi alisema hadharani kwamba IAEA iliuliza mahandaki yale ni ya nini, ikajibiwa kuwa hayaihusu. Swali lake bado liko mezani, na hakuna msumari wa chuma uliowahi kutengenezwa unaoweza kulijibu.